Chiriku na Sauti ya Juu

Kila asubuhi Chiriku aliimba akiosha vyombo. Aliimba kwa nguvu hata jogoo wa jirani akanyamaza, labda kwa heshima, labda kwa hofu. Shuleni ndiye aliyeongoza kwaya, na siku ya mashindano aliamka kabla ya jogoo huyo.

Jukwaani, mwalimu wa muziki aligonga kinanda kumpa sauti ya kuanzia. Chiriku aliiona ya chini mno, haina raha. Akaanzia juu, alikopenda yeye.

Ubeti wa kwanza ukapigiwa vigelegele. Kisha kikaja kiitikio, ambacho hupanda zaidi. Wenzake wakapanda, wakakwama. Wengine walikohoa, wengine wakafumba midomo, na wavulana wa nyuma wakalia kama mlango usiotiwa mafuta. Kwaya ikawa ya mwisho.

"Majaji hawana masikio," Chiriku alisema walipotoka. "Muziki ni ladha tu. Hukusikia vigelegele?"

"Basi kaile hiyo ladha peke yako," rafiki yake alimjibu, koo limemkauka.

Wiki nzima hakuna aliyekaa naye. Chiriku akaacha kuimba. Vyombo vilioshwa kimya, kama nyumba ina msiba.

"Mwanangu, jirani anauliza kama umehama," alisema mama yake, fundi cherehani.

"Wanasema niliharibu wimbo, mama. Kwani uzuri si wa anayependa?"

Mama akasimamisha cherehani. "Rangi ni ya anayependa. Mteja akitaka gauni la kijani kama chura, namshonea. Lakini nikilibana kiuno asiweze kupumua, nimwambie hiyo ni ladha? Wenzako walipumua?"

Chiriku alilia mpaka kwikwi ikamshika.

Kesho yake alisimama mbele ya kwaya. "Niliisikia sauti ya mwalimu, nikaidharau," alisema. "Nisameheni." Hakuna aliyepiga makofi.

"Wapo watakaoupenda wimbo wetu na wapo watakaouchukia," alisema mwalimu. "Hao siwezi kuwapimia ladha. Ila kiongozi akianzia mahali wenzake hawafiki, amekosea, hata dunia nzima ikimshangilia. Asiyesikiliza asiongoze. Nenda safu ya nyuma, mwanangu, ukajifunze kusikiliza."

Chiriku akaenda. Rafiki yake alimsogezea nafasi kidogo, ya kutosha mguu mmoja, bila kumtazama.