Magunia Juu ya Chemba

Valentino anauza kitimoto, nyama ya nguruwe ya kuchoma, mtaani Kanyenye. Kila asubuhi anawasha mkaa, anakata nyama, na kipande cha kwanza cha maini ni cha mkewe, Josepha, mwenye mimba ya miezi saba. Aliyeweka utaratibu huo ni Apolinaria, mama yake Valentino. Na utaratibu wa Apolinaria haujadiliwi.

"Yapitishe tu motoni," humwambia mwanawe. "Ukiyakausha, damu yote inapotea. Mjukuu wangu atajengwa na nini?"

Josepha hakuyapenda maini yasiyoiva. Lakini angemwambia nani? Alikula.

Jumatano moja alifika Batuli, mtaalamu wa maabara, na ushungi wake, glavu, na chupa iliyofungwa kamba. Kila wiki huchota majitaka kwenye chemba za mitaa ili yapimwe. Chemba ya mtaa huo iko nyuma ya banda la Valentino. Siku hiyo juu ya mfuniko kulikuwa na magunia matatu ya mkaa.

"Shikamoo, mama," alimsalimu Apolinaria, aliyekuwa ameketi kando ya banda.

"Marahaba, mwanangu."

"Kaka Valentino, naomba unisogezee magunia."

"Mazito hayo, dada. Pita wiki ijayo."

Uongo mtupu. Aliyabeba mwenyewe asubuhi ile ile. Alikuwa amesikia kwamba chupa ile ikiona ugonjwa, banda linafungwa.

Batuli hakukasirika. Alichuchumaa karibu na Apolinaria.

"Majitaka hayataji jina la mtu, mama. Hapa yanapita ya nyumba nyingi. Mwenye homa ya ini anaweza kutoa virusi chooni hata kabla hajajisikia kuumwa. Sisi tunaviona kwenye chemba, tunawaonya watu mapema. Hatufungi banda la mtu."

"Na mmeona nini?" aliuliza Josepha. Alikuwa mlangoni, sahani mkononi.

"Wiki iliyopita tuliona homa ya ini aina ya E. Hii tuliyoiona hutoka kwa nguruwe. Nguruwe anakuwa nayo na anaonekana mzima kabisa. Mtu anaipata akila nyama isiyoiva, hasa maini."

Apolinaria akacheka. "Wewe Mwislamu, nguruwe umemjulia wapi?"

"Ladha yake siijui, mama. Kirusi chake nakijua vizuri."

Wote wakacheka. Kisha Batuli akasema taratibu, "Homa hii inaweza kuwa hatari sana kwa mjamzito."

Kicheko kikakatika. Josepha alitazama sahani yake. Maini yalikuwa bado yanachuruzika damu.

"Nimemlisha kwa mkono wangu," alisema Apolinaria.

Valentino akaenda nyuma ya banda. Aliondoa magunia yote matatu, moja baada ya jingine, bila hata kuhema.

"Dalili zake ni uchovu, kichefuchefu, macho ya njano na mkojo mweusi," Batuli alieleza. "Lakini usisubiri dalili, Josepha. Nenda ukapimwe leo."

Josepha alikwenda. Majibu yalichukua wiki nzima, na wiki ile ilikuwa ndefu! Kila asubuhi Apolinaria alimvuta mkwewe kwenye mwanga, akamfunua kope na kuyachungulia macho. Rozari haikumtoka mkononi.

Majibu yakaja: hana virusi. Apolinaria aliketi chini, akalia mbele za watu bila aibu. Baada ya mwezi Josepha alipimwa tena, kwa kuwa ugonjwa huu hukawia kujionyesha. Salama tena.

Siku hizi Valentino ana kisu cha nyama mbichi na kingine cha nyama iliyoiva. Ananawa kwa sabuni. Nyama haitoki jikoni kama ndani bado ni nyekundu. Aliwaeleza na wachomaji wenzake. Wengine walimcheka kwanza, kisha wakamfuata. Wiki zikapita, na chupa ya Batuli ikaacha kuonyesha kirusi kile.

Josepha alijifungua mtoto wa kike, kilo tatu na robo. Alipopata nguvu, akatamani maini. Valentino akachoma. Apolinaria akakata kipande katikati, akakichungulia.

"Rudisha motoni."

"Mama, yameiva!"

"Nimesema rudisha."

Ilikuwa Jumatano. Batuli alipofika, mfuniko wa chemba haukuwa na gunia hata moja, na ulikuwa umefagiliwa. Apolinaria alisimama kando na ufagio, mjukuu mgongoni.

"Chota, mwanangu," alisema. "Chota mpaka chini."