Kidonda cha Unga na Gundi

Inzi ndio waliotangulia kujua. Anifa alikuwa amemkalisha mumewe, Majidi, kwenye kigoda nyuma ya gofu la tembe, nyumba ya kale ya udongo, kule Itetemia, anamtengenezea kidonda cha mguu kwa ajili ya filamu, na kabla hajamaliza kupaka rangi inzi wa kijani walikuwa wameshatua. Alishangaa. Kidonda kile kilikuwa unga wa ngano, gundi, karatasi ya chooni na rangi. Hata asali hakutia siku hiyo. Akawafukuza kwa ncha ya kanga, wakarudi palepale.

"Leo umeniozesha kweli," Majidi alisema akicheka. "Hata inzi wameamini."

Kazi ile waliifanya watu watatu. Yoramu, mpiga picha za harusi wa mtaa wa Chemchem, alikuwa na kamera. Majidi, fundi cherehani, ndiye aliyeigiza. Anifa, mpambaji wa maharusi, ndiye aliyetengeneza madonda. Filamu zao zilikuwa za watu wanaooza wakiwa hai, na mbili za kwanza zilitazamwa sana kwenye simu, hata watu wakawa wanamsimamisha Majidi sokoni kumkagua vidole. Gofu lile walilipenda kwa sababu halikuwa na mwenyewe wa kuwadai. Wenyeji walisema enzi za misafara ya kwenda Ujiji, wapagazi walioshindwa kutembea waliachwa humo na madonda yao. Yoramu alisema habari hiyo ingefaa kwenye tangazo.

Jioni hiyo nyumbani, Anifa alimwosha mumewe kwa maji ya moto na sabuni. Gundi ilitoka yote, isipokuwa kipande kidogo karibu na kifundo cha mguu. Alipokivuta, Majidi alirusha mguu.

"Umenikata, Nifa."

"Sijashika hata wembe."

Chini ya gundi palikuwa na shimo bichi, na harufu kama ya ngozi ya ng'ombe iliyolowa, yenye utamu ndani yake uliomfanya Anifa ageuze uso.

Hospitali walimpima sukari, hana. Walimfunga bandeji na kumpa vidonge. Baada ya wiki kikatokea kidonda cha paja, kisha cha mgongo, na Anifa alipofungua daftari lake la kazi akaona kwamba vinafuatana kama alivyovichora yeye, kwa umbo lilelile na kingo zilezile, paja, mgongo, bega, mpaka kile cha shavu ambacho walikuwa hawajakipiga picha bado, ambacho hakumwonyesha mtu yeyote, na ambacho asubuhi ya Ijumaa alikikuta kimefunguka kwenye uso wa mumewe akiwa usingizini, meno yakionekana kwa pembeni, na usaha ukishuka taratibu kwenye mto. Alilichoma daftari. Haikusaidia kitu.

Alimuuguza peke yake. Alimwosha mara tatu kwa siku, akampaka asali, akambadilishia shuka. Mchana mmoja, Anifa akimfuta mgongo, Majidi alianza kuzungumza Kinyamwezi cha kale, yeye mtoto wa mjini asiyejua zaidi ya salamu. Kisha akageukia Kiswahili, kwa sauti nzito isiyo yake.

"Mama, una mkono mwepesi. Kule hakuna aliyeniosha."

Anifa aliweka kitambaa chini, akatoka, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Mabruki, mganga aliyekuwa akiwapunga watu wenye majini tangu zama za baba yake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kwanza."

Alipoelezwa, mzee alikuja nyumbani, akamwangalia mgonjwa kwa muda mrefu, kisha akamwita Anifa uani.

"Huyu aliyemwingia hakuja kwa shari," alisema kwa sauti ya chini. "Alitupwa njiani na kidonda chake. Wewe umemtengenezea mwili, tena unamuuguza. Atatoka aende wapi? Kila ukimwosha anajikita."

"Nifanyeje?"

"Umwache. Siku tatu. Uji na maji nitampa mimi, kimya. Wewe usiingie, usimguse, akikuita usiitike. Akiona na hapa ameachwa, ataondoka."

"Na kama anayeita ni mume wangu?"

"Hutajua," mzee alisema. "Hapo ndipo penye kazi."

Siku ya kwanza chumba kilijaa matusi ya lugha asiyoijua, na harufu ikapita chini ya mlango mpaka jikoni. Siku ya pili ile sauti nzito ililia kama mtoto, mama, mama, usiniache njiani. Anifa alitwanga mahindi yasiyohitajika ili asisikie.

Siku ya tatu sauti iliita taratibu.

"Nifa."

Ni Majidi tu aliyemwita jina hilo. Sauti ilikuwa yake, imekauka.

"Nifa, mzee ameshanipa maji, sitaki maji. Njoo ukae hapo mlangoni tu. Naogopa. Unakumbuka basi lilipotukwamia Igunga, mvua inanyesha, ukanishika mkono mpaka asubuhi? Nishike hivyo. Nifa, nimekukosea nini?"

Iliendelea hivyo tangu asubuhi. Anifa alikaa ukutani upande wa pili, kanga ameisokomeza mdomoni, mikono ameikalia ili isifungue kitasa. Adhuhuri sauti ikawa inanong'ona. Kabla ya Alasiri ikanyamaza.

Mzee Mabruki alipofungua mlango, harufu haikuwepo. Majidi alikuwa amelala chali, shavu zima, mgongo mzima, ngozi safi isiyo na kovu hata moja. Majirani walipiga vigelegele. Yoramu alifuta picha zote, na hakuna aliyetaja tena filamu.

Majidi alirudi kwenye cherehani. Alikuwa mpole kuliko zamani. Ilipita miezi miwili kabla Anifa hajapata moyo wa kumuuliza.

"Yule aliyekuwa akiita. Ulikuwa unamsikia?"

"Nilimsikia siku mbili," Majidi alisema, akipitisha uzi kwenye sindano. "Usiku wa kuamkia ya tatu alitoka. Nilimwona anapita mlangoni, anachechemea, hata hakugeuka. Siku ya tatu nilikuwa peke yangu."

Hakusema kwa hasira. Angekasirika, Anifa angepata la kumjibu. Alirudi kuchambua mchele kwenye sinia, na Majidi akaendelea kushona.

Masika yalipoingia, malaria ilimwangusha Majidi. Anifa alikuwa chumba cha pili, mlango uko wazi, anamenya karanga, na hakusikia kitu mpaka alipoingia kuchukua ungo. Alimkuta sakafuni amelowa jasho, ametambaa kutoka kitandani mpaka katikati ya chumba, anatetemeka, meno ameyabana asitoe sauti.

"Majidi, nilikuwa hapo tu. Mbona hukuniita?"

Alimtazama kama mtu anayeulizwa jambo gumu. Kisha akageuza uso, akajaribu tena kuinuka mwenyewe.