Ukucha wa Kidole cha Mwisho

Kila alasiri, kabla ya mazoezi, wasichana wa timu ya polo ya majini walijipanga ukingoni mwa bwawa wakanyoosha mikono mbele. Kocha alipita akikagua kucha zao moja moja. Alikuwa bingwa enzi zake, mwenye vikombe sita na kovu juu ya jicho la kushoto. "Majini humo mnakabana mpaka mnapumuliana," alizoea kusema. "Ukucha mrefu ni wembe."

Siku hiyo Kambare, aliyeitwa hivyo kwa kuteleza kila aliposhikwa, alikunja kidole chake cha mwisho. Dada yake msusi alikuwa amempaka rangi ukucha huo, mrefu, mwekundu, na roho ilimuuma kuukata. Kocha alipita bila kuuona. Kambare akajirusha majini akicheka moyoni.

Mambo yaliharibika dakika za mwisho. Yeye na mwenzake Kibonge walimvamia golikipa kwa pamoja, mikono juu, maji yakiruka kila upande. Ghafla Kambare alihisi ukucha wake umekwaruza ngozi, na golikipa akapiga ukelele. Damu ilikuwa ikichuruzika kwenye kope.

Kocha akapuliza filimbi, akawatoa wote. Aliikagua mikono ya Kibonge kwanza, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu zaidi. Ukucha mmoja ulikuwa umemeguka.

"Jumamosi hutacheza fainali," kocha alimwambia.

"Mwalimu, si mimi! Haki ya Mungu si mimi!" Kibonge alilia mpaka kwikwi zikamkaba.

Kambare alikuwa ameshajifunga taulo, mkono ndani, kimya kama maji ya mtungi. Jumamosi angevaa kofia ya kuchezea namba saba, namba ya kocha mwenyewe enzi zake. Tangu mwaka jana alikuwa akiiota. Akisema, namba saba imekwenda. Akinyamaza, imekwenda namba ya Kibonge, ambaye wiki iliyopita tu alimgawia nusu ya mkate wake.

Alivaa nguo, akavua viatu, akavivaa tena. Mwishowe miguu ikampeleka chumba cha huduma ya kwanza. Muuguzi alikuwa akimsafisha golikipa jeraha, na kocha ameshika taa.

"Jicho ni zima," muuguzi alisema. "Ni kope tu."

Kambare akanyoosha kidole chake cha mwisho. "Ni mimi, mwalimu. Nilikikunja usikione. Kibonge hana kosa." Halafu machozi yakamtoka, akamgeukia golikipa. "Nisamehe, dada."

"Umeniumiza, wewe!" golikipa akafoka. Kisha akaguna. "Haya, nimekusikia. Lakini ukate huo ukucha sasa hivi."

Kocha aliishusha taa. "Jumamosi hutacheza. Namba saba ataivaa Kibonge, na utakwenda kumwambia wewe mwenyewe."

"Ndiyo, mwalimu."

"Unaliona kovu hili? Nililipata kwenye fainali yangu ya mwisho. Mwamuzi hakumwona aliyenikwaruza. Kesho yake mtu akaja wodini, analia kuliko mimi mgonjwa."

"Usiongeze chumvi," muuguzi alisema huku akikata plasta. "Nililia kidogo tu."

Kambare akamkodolea macho muuguzi, kisha kocha. Wote wawili walikuwa wakitabasamu.

"Angenyamaza, nisingemjua kamwe," kocha alisema. "Sasa ni mwaka wa ishirini, na sina rafiki kama huyu."

Jumamosi Kibonge alifunga mabao mawili, na timu ikashinda kwa bao moja. Kambare alishangilia mpaka sauti ikamkauka, ingawa moyo ulimchoma kuiona ile kofia. Kabla ya mchezo kocha alikuwa amempa kazi ya kukagua kucha za timu nzima. Alianza na zake.

Wakikusanya mataulo, kocha alimshika bega. "Kucha na uongo, mwanangu, ukivificha ndipo vinapokua. Vikate mapema, kabla havijamuumiza mwenzio. Msimu ujao, namba saba inakusubiri."