Mara ya Tatu ya Kifutio

Jumamosi darasa letu huwa limechoka kuliko sisi wenyewe. Chaki zimeisha, madawati yana vumbi la wiki nzima, na mimi kiranja nasimama mlangoni na daftari la mahudhurio huku macho yananiuma. Muhula mmoja mitihani ya majaribio ilifanywa Jumamosi. Asiyefika niliagizwa nimwandike mtoro. Ukiandikwa mara tatu, jina lako linaondolewa kwenye orodha ya mtihani wa mwisho.

Rafiki yangu tuliyemwita Kifutio, kwa kuwa hakumnyima mtu kifutio chake, alikuwa ameshaandikwa mara mbili. Kwao Jumamosi ni siku ya ibada. Hawafui, hawalimi, sembuse kufanya hesabu.

"Wewe niandike tu," aliniambia Ijumaa, akiburuta miguu. "Baba amekuja hapa mara mbili, anaambiwa arudi kesho. Nimechoka hata kulia."

"Na mtihani?"

"Nitakaa nyumbani nihesabu kuku."

"Kwenu hakuna kuku!"

"Ndiyo maana hesabu yake rahisi."

Tulicheka kidogo, kicheko kikatuishia njiani.

Kesho yake kalamu ilifika kwenye jina lake ikagoma. Mtoro ni mtu anayejificha. Huyu shule nzima ilijua alipo. Nikaandika: yuko ibadani.

Jumatatu mwalimu wa nidhamu aliniita ofisini, akanibwagia daftari mezani.

"Nani kakutuma kubuni maneno? Futa! Na kesho utaomba radhi mbele ya shule nzima."

"Lakini si mtoro, mwalimu."

"Wanafunzi mia sita, kila mmoja aje na siku yake, tutafundisha lini?"

Karani wa shule, mama wa makamo aliyekuwa akigonga mihuri pembeni, alishusha pumzi. "Mwalimu, kuna waraka wa wizara kuhusu jambo hilo. Uliletwa mwaka jana."

"Mbona sijausikia?"

"Nani ausikie, baba? Zinaletwa rundo kwa rundo. Tunagonga muhuri wa 'Imesomwa', tunatia kwenye faili. Kusoma tunasema baadaye."

Alipekua faili la kwanza, la pili, la tatu, akauchomoa. Mwalimu mkuu alitoka ofisini kwake, akaupokea waraka na kuusoma kwa sauti: mwanafunzi asiadhibiwe kwa kutofika shuleni siku ya ibada ya dini yake, apewe mtihani siku nyingine. Chini yake, wino wa muhuri wetu ulikuwa bado umekolea.

Alivua miwani, akaketi kama mtu aliyetua gunia. "Kosa ni langu. Hizo alama za utoro zifutwe. Atafanya mitihani yote mitatu wiki hii, mchana."

Kisha akanigeukia. "Mwanangu, dini yenye watu wengi hupangiwa ratiba bila hata kuomba. Sheria hii iliandikwa kwa ajili ya yule mmoja. Lakini karatasi haimlindi mtu ikikaa kwenye faili, wala haimlindi kama mwenye kalamu ni mwoga."

"Sawa," alisema mwalimu wa nidhamu. "Ila kiranja alikaidi agizo. Radhi iko palepale."

Wote watatu walinitazama. Miguu ilikuwa imechoka kusimama.

"Kwa zile mara mbili nilizomwandika mtoro, nitamwomba radhi mwenyewe," nikasema. "Kwa hii ya tatu siombi, mwalimu."