Sauti ya Romana Juu ya Dungu

Mwezi wa tano, asubuhi za kijijini kwetu Usevya huanza na ukungu. Unalala juu ya mpunga kama mtu asiyetaka kuamka. Ukipanda kwenye dungu, lile jukwaa la miti tunalokaa kufukuza ndege, humuoni jirani yako. Unasikia tu kikohozi, kopo likigonga kopo, mtoto akiitwa. Halafu jua linapanda, na mashamba yanatokea moja moja.

Mimi na dada yangu Romana tulifukuza ndege pamoja kila mwaka. Tulivuta kamba zilizofungwa makopo, tukarusha udongo. Lakini silaha yetu kubwa ilikuwa sauti ya Romana. Ilianza chini, ikapanda, ikakaa huko juu muda mrefu. Kwelea, wale ndege wadogo wala nafaka, waliinuka wote pamoja kama shuka linalokung'utwa. Majirani walisema shamba la mama yetu halihitaji makopo.

Sauti hiyo ndiyo aliyoimbia kwaya kigangoni, kanisa letu dogo la kijijini.

Romana ni mrefu na mwili wake ni mkubwa. Amefanana na shangazi yetu, dada yake baba: mabega mapana, nyonga pana, miguu imara. Hakuwahi kuona vibaya mpaka siku ya vipimo vya sare.

Siku hiyo fundi Fredrick alikuja kigangoni na futi yake. Alipima mmoja mmoja, akitaja namba kwa sauti, na mimi nikiandika kwenye daftari. Alipofika kwa Romana alisema, hipsi arobaini na sita. Erasmus wa besi akadakia.

"Fundi, hapo kata kitambaa cha watu wawili. Mmoja ataimba, mwingine atapumzika."

Watu walicheka. Romana naye alicheka. Lakini mimi nilikuwa karibu, nikaona mkono wake umeikamata kanga mpaka vidole vimekuwa vyeupe.

Jioni alinichukua twende kwa fundi. Akamwambia aandike arobaini. Sare ni ya Pentekoste, alisema, na mpaka siku hiyo atakuwa amefika hapo. Fundi alimtazama kidogo, akaandika.

Kwenye simu Romana alikuwa na video ya dada mmoja wa mjini anayekunywa maji ya limao kutwa nzima, siku thelathini, halafu anaonyesha kiuno chembamba. Aliitazama kama mtu anavyotazama nchi ya mbali anayotaka kuhamia.

Kwaresima ilipoanza, Romana akafunga. Hakuna aliyeuliza, maana nyumbani kwetu wote tunafunga. Mama alifurahi, akasema mwaka huu binti yake amekaza imani. Pasaka ikafika. Tulichinja jogoo. Romana akala kijiko kimoja cha wali, akasogeza sahani.

"Nimeshiba," alisema.

Wiki iliyofuata akasema hivyohivyo, na iliyofuata pia. Mama alidhani ameongeza siku za kumshukuru Mungu, na mambo ya mtu na Mungu wake kwetu hayaulizwi.

Mimi niliona mengine. Mchana mmoja nilimkuta jikoni anakula ugali wa baridi kwa mikono miwili, harakaharaka, mpaka sufuria ikawa tupu. Alikuwa anatafuna huku analia. Aliniomba nisimwambie mtu. Baada ya hapo hakula chochote siku mbili, kujiadhibu. Nilikaa kimya. Nilidhani kukaa kimya ndiko kumpenda.

Tulipoanza kufukuza ndege, alikuwa amekuwa kama moshi. Jua linawaka, yeye amevaa sweta. Alikaa dunguni na kuongea taratibu, kama mtu aliye usingizini.

"Prisila, nikifumba macho najiona naelea. Mpunga nauona kama maji. Natembea juu yake, na silowi."

"Huogopi?"

"Hapana. Ni pazuri. Ila kuna baridi."

Nilitazama mpunga. Na mimi nikauona kama maji kwa muda, ukiyumba, kijani na dhahabu. Ndipo nikaona pembeni kuna ndege wanakula bila haraka.

Sauti yake ilikuwa haifiki tena mwisho wa shamba. Ndege waliinua vichwa, wakasikiliza, wakaendelea kula. Mama akasema tuongeze makopo. Tukaongeza. Shamba lile ndilo chakula chetu cha mwaka mzima, hatuna lingine.

Siku ya Alhamisi wingu la kwelea lilitokea upande wa mtoni. Romana akasimama. Akavuta pumzi, akafungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa kidogo, kama mlango unaofunguliwa polepole. Kisha akaanguka kutoka dunguni mpaka kwenye matope.

Ndege wakatua kwenye mpunga wetu. Mimi nikaruka chini, nikamshika dada yangu, nikaita watu.

Evaline alikuja mbio kutoka shamba la jirani. Evaline ni mhudumu wa afya wa kijiji chetu, anapita nyumba kwa nyumba na mkoba wake. Lakini mwezi wa tano naye yuko dunguni kama sisi. Alimlaza Romana pakavu, akainua miguu yake juu ya gunia, akafungua kanga. Ndani alikuta kitambaa kimefungwa tumboni, kimekazwa kabisa. Akakilegeza. Romana alipozinduka na kuweza kumeza, Evaline alimpa uji wa sukari kutoka kwenye chupa yake, kidogo kidogo.

"Umekula nini tangu jana?" alimuuliza.

"Nimeshiba."

"Sijauliza kama umeshiba, mdogo wangu. Nimeuliza umekula nini."

Romana akageuza uso. Basi nikasema mimi. Nilisema yote: limao, ugali wa jikoni, sare, ile arobaini. Nilijua atanichukia. Alifumba macho tu, kama mtu aliyetuliwa ndoo iliyokuwa kichwani.

Mama alikuwa amefika, matope mpaka magotini. Alimtazama binti yake, akamtazama Evaline.

"Si ulikuwa unafunga kwa ajili ya Mungu, mwanangu?"

"Nilianza hivyo, mama."

Evaline hakumgombeza. Alikaa chini palepale, akamwambia kwamba mwili ukikosa chakula haukai bure. Unaanza kujila wenyewe. Unakula nyama za mikono, unakula nguvu za moyo. Ile baridi ya juani na lile kuelea si wepesi, ni mwili unaomba msaada. Halafu mtu akishindwa na njaa, anakula mpaka anaumwa, anajichukia, anajinyima tena, na anazunguka hapohapo kila wiki.

"Lakini mimi ni mnene, dada," Romana alisema.

"Nani kakupima?"

"Fundi. Kwa futi."

"Futi ya fundi inapima nguo. Haipimi afya. Na mifupa ya shangazi yako haitapungua kwa limao."

Mama alicheka huku machozi yanamtoka. Romana naye akatabasamu kidogo. Ndege walikuwa wamemaliza pembe nzima ya shamba, na hakuna aliyewatazama.

Kesho yake Evaline alimpeleka zahanati, mimi nikaenda nao. Nesi alimpima uzito, urefu, presha na damu. Akauliza pia kuhusu hedhi, na Romana akakiri kwamba imekata miezi miwili. Nesi alisema uzito ule ni mdogo kwa mtu wa urefu wake, na damu imepungua. Akampa vidonge vya kuongeza damu na tarehe ya kurudi.

Njiani Evaline aliongea kama mtu anayesimulia habari za nyumbani. Alisema mtu mwenye wasiwasi na uzito aende kwanza akapimwe. Akiambiwa apunguze, atapunguza polepole, na mhudumu akimfuatilia. Atapunguza soda, sukari na mafuta, ataongeza mboga na kutembea. Hatakaa na njaa. Na asiyehitaji kupungua aache mwili wake uwe ulivyo. Romana aliuliza ni chakula gani hasa hatakiwi kugusa. Evaline akasema hakuna. Ale mara tatu kwa siku. Wali au ugali uwepo, na maharage au samaki, na mboga za majani, na papai likipatikana. Ale taratibu, asikilize tumbo, likitosheka aache.

"Ni hivyo tu?" Romana aliuliza.

"Ni hivyo tu. Ila kwako itakuwa kazi."

Ilikuwa kazi kweli. Mama alikula naye sinia moja, wala hakuhesabu matonge. Siku nyingine Romana alikula vizuri. Siku nyingine alikaa akiitazama mboga mpaka ikapoa. Siku hizo Evaline alipita, wakaongea uani peke yao.

Erasmus alipopata habari alikuja shambani na makopo kumi ya kufunga kwenye kamba. Alisimama chini ya dungu, mtu mzima, akichokonoa matope kwa kidole cha mguu. Alisema utani wake ulikuwa mbaya. Romana alimwambia apande afukuze ndege, kwani besi nayo inafaa. Alipanda siku tatu.

Wiki moja kabla ya Pentekoste tulienda kuchukua sare. Iligoma mapajani. Romana akasimama nayo hivyo, nikaona macho yake yanaanza kwenda mbali tena. Fundi Fredrick akaichukua, akaigeuza ndani nje. Pembeni kulikuwa na kitambaa kingi amekikunja.

"Uliniagiza namba," alisema. "Lakini mwenye nguo nilikuwa nimeshamuona."

Akaifumua, akaishona upya tukiwa tumekaa hapo. Siku ya Pentekoste ilimkaa sawasawa. Sauti haikufika juu kama zamani, lakini ilifika.

Na asubuhi moja, kabla ya mavuno, nilikuwa dunguni ndani ya ukungu. Sikuona kitu. Nikasikia sauti ikianza chini upande wa pili wa shamba, ikapanda, ikakaa. Halafu nikasikia mabawa mengi, mengi sana, yakiinuka juu ya kichwa changu kama mvua inayorudi mbinguni. Niliyasikiliza mpaka yakapotea.

Tulivuna mwezi wa sita. Kwenye ile pembe waliyokula ndege hatukupata kitu, lakini kwingine kote mpunga ulijaa. Jioni mama alipika mchele mpya na samaki wa Rukwa. Romana alijipakulia mwenyewe. Alikula taratibu, akaongeza kidogo, akala nusu ya alichoongeza. Kisha akanawa mikono.

"Nimeshiba," alisema.

Sote tuligeuka. Kwenye sahani kulikuwa na miiba ya samaki na wali kidogo umebaki. Mama aliitazama, akamtazama Romana usoni.

"Haya," alisema, akaufunika ule wali kwa ajili ya asubuhi.