Jalada Juu ya Kabati

"Mpole, hiki ni nini?"

Alikuwa amesimama juu ya stuli, mkono mmoja umeshikilia kabati, mwingine umebeba jalada la kahawia lililopauka. Alipanda kutafuta blanketi la mama mkwe wake mtarajiwa, aliyekuwa sebuleni akitetemeka kwa homa. Badala ya blanketi, akavuta begi la zamani, na ndani ya begi akakuta jalada lenye mhuri wa ofisi ya nyaraka. Namba mia mbili na kumi na nne.

Mpole alisimama mlangoni na kikombe cha chai. 

"Nimekuuliza."

"Shuka kwanza, Dokta. Utaanguka."

"Usiniite Dokta leo!"

Dokta lilikuwa jina la mahaba. Shahada yenyewe hakuwa nayo. Alinyimwa miaka miwili nyuma, mbele ya jopo la maprofesa watano, na sababu ya kunyimwa ilikuwa hilo jalada aliloshika.

Chuoni pale yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandika historia ya uchumi kwa kuanzia kwa wanaokata mkonge, si kwa wanaouuza. Alizunguka vijijini miaka minne na kinasa sauti begani. Akawarekodi vibibi thelathini na mmoja, wote wakasema walikata mkonge kwenye shamba kubwa tangu wakiwa wasichana. Lakini vitabu vya shamba vilisema hakuna mwanamke hata mmoja aliyewahi kuajiriwa pale.

"Hizi ni hadithi za vibibi," msimamizi wake alimwambia mbele ya jopo zima. "Karatasi iko wapi?"

Karatasi ilikuwa kwenye orodha ya nyaraka: jalada namba 214, daftari la vibarua. Rafuni halikuwepo. Na mtunza nyaraka alikuwa Mpole, mchumba wake.

"Tulilitafuta pamoja," alisema sasa, akishuka kwenye stuli taratibu. "Siku tatu, mimi na wewe, tumepekua rafu mpaka vumbi limetujaa puani. Wewe ulikuwa unatafuta nini, Mpole?"

"Nilitaka kukwambia."

"Nililia kwenye shati lako! Ukanibembeleza, ukaniambia nijikaze, dunia ndivyo ilivyo. Na jalada liko kwenu, juu ya kabati!"

Mpole aliweka kikombe chini. 

"Fungua ukurasa wa mwisho. Soma sahihi."

Alifungua. Majina ya wanawake yaliishia namba mia nne, kwa mwandiko wa wino wa bluu, umenyooka kama wa mwalimu. Chini yake cheo: nyapara mkuu. Na jina. Jina hilo alilijua. Lilikuwa kwenye lango la shule ya msingi aliyosoma Mpole, na chini ya picha kubwa pale sebuleni.

"Babu yako."

"Baba yake mama. Alikuwa na madaftari mawili. La kwanza la kuwaonyesha wenye shamba, lina wanaume hewa, majina ya kutunga. Hilo ulilonalo ndilo la kweli. Wanawake walifanya kazi, wanaume hewa wakalipwa. Aliwapa kina mama nusu, kilichobaki kikaingia mfukoni mwake. Shule ile aliijenga kwa jasho lao."

"Kwa hiyo ukaamua mimi niitwe mwongo."

"Mama ana presha, unajua. Anamwabudu yule mzee. Nikasema, siku mama akishapumzika nitalirudisha, kimya kimya, mambo yaishe."

Alimtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza.

"Ulikuwa unangoja mama yako afe ndipo mimi nipate shahada?"

"Nani anangojwa afe?"

Mama alikuwa nyuma ya Mpole, amejizungushia shuka, ameegemea ukuta.

"Mimi ninavyojua sijaaga," alisema. Kisha macho yake yakaangukia jalada.  "Daftari la baba hilo."

Mpole aligeuka ghafla. "Mama, unalijua?"

"Nilikuwa nacheza chini ya meza yake, yeye akiyasoma majina kwa sauti. Mama yangu yumo humo. Alikuwa mkata mkonge kabla hajaolewa naye. Kwenye lile daftari la uongo aliandikwa jina la mwanamume mwenye ndevu, akatuchekesha nalo mpaka uzeeni."

Dokta alikaa kitandani.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mwanangu. Umezunguka vijiji vyote na kidude chako cha kurekodi. Hapa ulikuja kila Jumamosi ukanywa chai, hukukiweka mbele yangu hata siku moja." Akashusha pumzi. "Lakini nisijifanye mtakatifu. Hata ungeniuliza, ningeficha. Ni baba yangu."

 Dokta alisimama, akamkabidhi Mpole jalada mikononi.

"Nikilipeleka mimi watasema nimelighushi. Jumatatu utalirudisha mwenyewe kwa mkuu wako, na utamweleza lilikuwa wapi."

"Nitafukuzwa kazi."

"Najua."

Aliondoka bila kuaga. Jumapili simu yake haikupumzika.

"Nipe wiki moja tu, nimwandae mama," Mpole aliandika.

"Mama ameshajiandaa. Wewe je?"

"Wajomba wamejua. Wananiambia nilichome."

Ujumbe huo aliusoma mara tatu. Vidole vilitaka kuandika matusi. Akaandika, "Humo kuna wanawake mia nne. Ukichoma, bibi yako naye umemchoma."

 Alipompigia Mpole, simu ilikuwa imezimwa.

Jumatatu saa mbili asubuhi Dokta alikuwa kwenye chumba cha wasomaji, amekaa karibu na dirisha. Saa tatu ikapita. Saa nne ikapita. Alikuwa ameshafunga begi lake aondoke, ndipo mlango ukafunguliwa. Mpole aliingia, shati halijapigwa pasi, jalada amelikumbatia kifuani. Mama alikuwa amemshika mkono, anatembea kwa shida.

Walipita mbele yake wakaingia kwa mkuu wa nyaraka. Ukuta ulikuwa mwembamba, maneno akayasikia yote.

"Nililiiba mimi," Mpole alisema. "Hakunituma mtu."

"Unajua unachosema, kijana?"

"Najua. Na yule mwanamke hapo nje mlimwita mwongo kwa sababu yangu."

Alifukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Jopo liliitishwa upya miezi mitatu baadaye, na safari hii jina la Dokta likawa la kweli. Mama alikaa na kinasa sauti saa moja na nusu, akaeleza mpaka wimbo walioimba wakata mkonge asubuhi. Wajomba walisusa, wakasema ameuza jina la ukoo. Mama akawajibu kwamba yeye ametaja tu jina la mama yake, maana hakuna aliyewahi kulitaja.

Kitabu kilitoka mwaka uliofuata, cha kwanza cha aina yake. Majina yote mia nne yaliwekwa mwishoni. Wanafunzi walianza kuja kutoka mbali kujifunza namna ya kusikiliza wazee kabla ya kuamini vitabu vya mabosi. Msimamizi wake wa zamani aliomba aandike dibaji. Dokta alimjibu kwa adabu kwamba dibaji imeshaandikwa na kibibi mmoja.

Mpole alipata kazi kwenye duka la vifaa vya shule. Jioni moja alimkuta Dokta kwao, amekuja kumjulia mama hali. Wakabaki wawili barazani.

"Nimekisoma chote," alisema. "Babu umemwandika kwa haki. Nilidhani utamponda."

"Alijenga shule kweli. Na aliiba kweli. Nimeandika yote mawili."

"Na mimi? Umenisamehe?"

"Zamani."

"Basi turudiane. Bado nakupenda, Dokta."

 Dokta alimpenda pia, na hilo ndilo lililomuuma.

"Tukikaa nyumba moja, kila ukinyamaza mezani nitajiuliza unanificha nini. Nitakupekua, Mpole. Kazi yangu ni kupekua, nisingependa kuifanya kwa mume wangu."

Mpole aliinamisha kichwa. Machozi yalimdondoka, hakuyafuta. Akainuka, akatoka getini.

Mama aliita kutoka ndani:

"Nimesikia yote! Sasa mimi nitamwita nani mkwe?"

Dokta aliingia, akakaa karibu naye, akamfunika shuka vizuri miguuni.

"Niite mimi, mama. Wewe sijakukataa."