Alinipita Kwenye Foleni ya Leso

Alinipita!

Jamani, mmenisikia? Gichuru wangu, mchumba wangu wa miaka mitatu, alisimama mbele yangu siku ya ruracio yetu, mbele ya wazazi wangu na wake... akatazama miguu yangu... kisha akaruka kando kama mtu aliyekanyaga kaa la moto!

Akapiga hatua mbili. Akashika leso ya mwanamke mwingine. Akaifunua.

Jackie!

Rafiki yangu Jackie!

Wale wasioijua mila hii ya Wakikuyu, ngoja niwaeleze haraka kabla hasira haijanirudia. Siku ya ruracio, yaani ya kuleta mahari, msichana hupangwa kwenye foleni na wanawake wenzake, wote wamefunikwa leso kutoka kichwani hadi chini ya magoti. Hakuna kuongea. Mwanamume anapita akimtafuta wake. Akikosea watu wanacheka, anatozwa mbuzi, anarudi kujaribu tena. Ni mchezo tu, na wengi hukosea.

Lakini mimi siku hiyo sikuona mchezo. Niliona Jackie amechukua mwanamume wangu.

Sasa turudi nyuma kidogo ndio mnielewe...

Mwaka ni 1998. Mimi Wamboi, fundi wa kushona nguo kwenye kiwanda fulani pale Eneo la Viwanda, Thika. Jackie alikuwa kwa laini moja ya mashine na mimi, mashine yake mbele ya yangu. Tulikula pamoja, tuliazimana viatu. Gichuru alikuwa na duka lake la hardware Gatongora, huko Ruiru, na kila Jumamosi alikuja kunichukua kwa geti.

Jumamosi moja tukatoka, mimi na Jackie. Gichuru akatusalimia vizuri. Jackie alipoondoka, mwanamume akafungua mdomo:

"Huyo beshte yako anafanya mazoezi, ama? Miguu imesimama poa."

Nikasimama katikati ya barabara.

"Wambo? Sasa ni nini?"

"Umesema miguu ya nani?"

"Ah, si ni story tu..."

"Story? Gichuru, skiza vizuri. Siku nitakupata ukiangalia miguu ya Jackie tena, hakuna ruracio. Hakuna! Na nitaambia mamako sababu!"

Alicheka. Kisha akaniona uso, akaacha kucheka.

Wiki mbili sikumsemesha. Tangu siku hiyo, Jackie akipita, Gichuru wangu anatazama mawingu. Anatazama saa. Mara moja alisoma bango la dawa ya ng'ombe mpaka Jackie akapotea kabisa. Mimi nilifurahi, siwadanganyi. Niliona nimepata mwanamume mwenye adabu.

Lakini wivu haukuisha. Usiku nililala nikifikiria hiyo miguu.

Nikaanza kumfuata Jackie baada ya kazi kama askari kanzu. Ndio nikagundua siri yake. Mjini Thika, juu ya duka moja la vitambaa, kulikuwa na chumba cha mazoezi cha wanawake. Mwenyewe aliitwa Zahra, mama mmoja mrefu, mkali, mwenye sauti ya mwalimu wa zamu. Kaka yake Fahim alikuwa amemtumia mashine kutoka Dubai. Elliptical. Unasimama juu yake, miguu inazunguka bila kuinuka, mikono inasukuma vyuma viwili. Sisi tuliiita baiskeli ya kusimama. Ilikuwa moja tu, na wanawake walikuwa wanaigombania.

Jackie alikuwa juu yake, jasho linamtiririka. Kioo kidogo cha mashine kilisomeka kalori mia tatu.

Kesho yake nikajiandikisha.

Siku ya kwanza nilipata mia tatu na hamsini! Wiki ya pili, mia nne! Nikashuka nikimtazama Jackie kwa madharau. Naye akanipigia makofi.

"Wamboi, haki unaweza! Umenishinda!"

Nikaona ananicheka.

Mwezi mzima ukapita. Namba zilipanda kila siku, lakini sketi zangu zilibana vile vile. Siku moja Zahra akaja akasimama karibu, mikono kiunoni, akanitazama kwa dakika nzima.

"Wewe unafanya nini hapo?"

"Mazoezi, mama."

"Mazoezi gani? Umejilaza kwenye hivyo vyuma kama nguo iliyoanikwa. Mikono ndiyo imekubeba, mashine inazungusha miguu yako bure. Shuka!"

Nikashuka. Akafunika kile kioo kwa taulo.

"Hii namba haikujui, mwanangu. Haijui umejiegemeza. Panda tena, mgongo wima. Mikono isukume na kuvuta, isining'inie. Visigino chini, unasimama kwa vidole kwa nini? Unachungulia nini?"

Akaongeza uzito wa kukanyaga mara tatu. Ngai! Dakika nne tu mapaja yaliwaka moto.

"Sasa rudisha nyuma. Ndiyo, kanyaga kinyume! Misuli ya nyuma ya mguu nayo ipate kazi."

Kisha akanipa mpango wake. Dakika mbili kama mtu anayeenda sokoni, dakika moja kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Sokoni, mbwa, sokoni, mbwa, nusu saa. Basi.

Sikuhitaji mbwa. Niliwaza Jackie tu, nikakimbia.

Na hapa ndipo nilipofanya jambo ambalo mpaka leo linanitia aibu.

Zahra alikuwa na daftari la kuandika zamu. Jackie aliweza kuja saa kumi na moja na nusu pekee, kwa sababu alikuwa anawahi kumpikia mamake aliyekuwa mgonjwa. Mimi nilijua hivyo vizuri. Nikachukua daftari nikaandika jina langu saa hiyo hiyo, Jumatatu mpaka Ijumaa, miezi minne mbele!

Jackie akanifuata kazini.

"Wamboi, si tugawane hata Alhamisi? Siku moja tu."

"Haiwezekani. Mimi niko na ruracio. Wewe uko na nini?"

Aliinamisha kichwa akaendelea kushona. Hakuniuliza tena.

Miezi ikaenda. Mimi nikaanza kubadilika, na safari hii haikuwa hadithi ya kioo. Vigimbi vya miguu vikajikaza, vifundo vikaonekana. Jackie naye akaacha mazoezi kabisa. Akahangaika na mamake, akala akiwa amesimama, akanenepa miguu. Niliona, na nilifurahi. Niliota kabisa siku ya ruracio, Gichuru akipita kwenye ile foleni, anaona miguu yangu, anashindwa kupumua!

Nilitaka iwe surprise. Kwa hiyo wiki nane za mwisho nilikataa tuonane.

"Tata Ngina amesema si vizuri," nilimdanganya kwa simu.

Tata Ngina, shangazi yangu, hakuwa amesema chochote.

Siku ikafika, Jumamosi. Nyumbani kwetu Kiganjo, hema mbili, pombe ya muratina kwa wazee, mbuzi wamefungwa kando ya ua. Wanawake tisa tukafunikwa leso. Mimi wa nne. Jackie, ambaye alikuja asubuhi na mapema kusaidia kumenya viazi, akawekwa wa sita.

Nikasikia wamama wakipiga vigelegele. Nikasikia viatu vya Gichuru vinakuja. Wa kwanza akapita. Wa pili. Wa tatu. Akasimama mbele yangu.

Nikamsikia anapumua. Sema jina langu, nikaomba. Nifunue!

Ndipo akaruka. Mengine mnayajua.

Watu walipasuka kucheka. "Mbuzi! Alete mbuzi!" wamama wakaimba. Jackie mwenyewe alikuwa anacheka mpaka anashika tumbo.

Mimi nikaivua leso yangu mwenyewe, jambo ambalo hakuna msichana hufanya. Nikamrukia Jackie nikamshika nywele!

"Malaya wewe! Mmeanza lini?"

"Wamboi! Nini—"

"Miguu yako ameijulia wapi kama hamlali pamoja? Semeni hapa mbele ya wazee! Semeni!"

Kicheko kikakatika. Mamake Jackie alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbele, na fimbo yake. Mamake Gichuru akafunika uso kwa kitambaa.

Gichuru alinitazama usoni, kisha macho yakashuka polepole mpaka miguuni. Akabaki hapo. Akawa kama mtu aliyeona gari lake limegeuzwa rangi.

"Ni... ni wewe ulikuwa hapo? Wa nne?"

"Ni mimi! Ulinipita!"

"Wamboi, mimi nilidhani hiyo ni ya Jackie."

Akaninyooshea kidole miguuni.

"Niliona miguu mizuri nikajua ni Jackie. Na wewe ulinikataza kuiangalia. Uliniapiza! Sasa nikakimbia nikachukua ile ilikaa yako... ile yako ya zamani."

Tata Ngina aliketi chini.

Nilikuwa nimetengeneza miguu ambayo mchumba wangu aliamriwa kuikimbia, na nikamfanya Jackie awe na ile aliyoizoea. Yote nilifanya mimi, kwa jasho langu, Jumatatu mpaka Ijumaa.

Nilidhani watacheka. Nilitamani wacheke. Lakini Jackie alikuwa anamshika mamake mkono, anamtoa nje, na yule mama alikuwa analia.

Mzee Ephantus, baba mkubwa wa Gichuru na msemaji wao, akasimama akavaa kofia yake.

"Sisi tulikuja kuomba bibi," akasema. "Kesi hatukuleta."

Wakaondoka. Chakula kilibaki kwenye sufuria. Mbuzi wakapakiwa tena kwenye pickup, na babangu hakuongea na mimi mpaka Jumanne.

Wiki ya pili nilienda kwenye kibanda cha simu nikapiga hardware.

"Gichuru, nisamehe. Turudi tupange tena. Hata wiki ijayo."

"Wambo, kuna kitu sikusema mbele ya wazee," akasema. "Nilikutambua."

"Ati nini?"

"Mguu wako wa kulia ulikuwa unakanyaga chini pole pole, vile unafanyanga ukiwa na wasiwasi. Kama uko kwa mashine ya kushona. Nikajua ni wewe."

"Sasa mbona ulinipita?"

"Kwa sababu Jackie pia ni fundi. Nikajiuliza, na ikiwa ni yake? Nikimfunua huyu na awe Jackie, nimekwisha. Heri nikosee na mtu mwingine yeyote. Moyo uliniambia ni wewe, mimi nikaogopa, nikaenda."

"Gichuru, tafadhali..."

"Sijakasirika. Lakini siwezi kuoa mahali naogopa kumtambua bibi yangu mwenyewe."

Akaweka simu. Nami nilibaki nimeshika mkono wa simu mpaka mtu wa nyuma akaniuliza kama nimemaliza.

Hakurudi. Nilimngoja mwaka mzima. Alioa msichana wa Juja, na nasikia wako na watoto watatu.

Kwa Jackie nilienda mara nne kabla hajanifungulia mlango. Ya nne aliniambia, "Ungeniuliza tu, Wamboi. Mimi ningekuambia hata sijui rangi ya macho ya huyo mwanamume wako." Mamake alifariki mwaka uliofuata bila mimi kupata nafasi ya kumwomba msamaha. Hilo linaniuma kuliko hata Gichuru.

Dada yangu unayesoma hapa, mazoezi fanya. Simama wima, usijiegemeze, ongeza uzito, rudi nyuma na mbele, na usidanganywe na namba. Zahra alinifundisha vizuri na mpaka leo magoti yangu ni mazima. Lakini fanya kwa ajili ya mwili wako. Mimi kila siku nilipanda ile mashine nikimkimbiza mwanamke ambaye hakuwa kwenye mbio zozote na mimi.

Na wewe unayemchunga mwanamume wako macho, umemkataza huyu, umemkataza yule, unaona ametulia unafikiri ni heshima... Muulize leo, kwa upole, kama anakuogopa. Mimi sikuwahi kuuliza.